Jino la Nekesa Bado Liko Hai

Mpendwa Mama Nekesa,

Mtoto wetu alianguka shuleni, akagonga mdomo kwenye saruji ya bomba la maji. Nilipofika, jino lake la mbele, lile la ukubwani lililoota ukiwa bado nasi, lilikuwa limekatika nusu. Katikati palikuwa na kidoa chekundu.

Mama yangu, aliyekuja kukaa nasi hapa Makongeni baada ya kukuzika, alisema, "Mpeleke ling'olewe, asiteseke." Nilikaribia kukubali. Kisha nikakumbuka tulipokuwa wachumba, tukila mahindi choma nje ya geti la kiwanda, nikakuuliza kwa nini unaziba mdomo ukicheka. Ukanionyesha pengo. "Nilianguka nikiwa mdogo," ukasema. "Wakaling'oa tu. Hakuna aliyeuliza kama lingepona."

Basi nikampeleka Ruiru, kwa daktari wa meno kule Gitothua, nikauliza.

Daktari alimpiga picha ya eksirei, akanionyesha mzizi: mfupi, ncha yake bado wazi. "Jino hili halijamaliza kukua, Baba Nekesa. Linakuzwa na hii nyama laini ya ndani, na bado iko hai. Ikifa, mzizi utabaki hivi, mwembamba, wa kuvunjika upesi." Akamdunga sindano ya ganzi, akaondoa kipande kidogo kilichojeruhiwa, akafunika kilichobaki kwa dawa inayoganda kama simiti, kisha akalijengea jino umbo lake. Nekesa alinishika kidole muda wote.

Tulirudi kupimwa mara kadhaa. Kila asubuhi nilimwambia afungue mdomo, nikiogopa kuliona limekuwa jeusi, dalili kwamba limekufa. Mwezi uliopita picha ilionyesha mzizi umerefuka na ncha imefunga. "Limejimalizia lenyewe," daktari akasema.

Tulipotoka tukaketi kwenye benchi ya nje. Nilidhani amefurahi. Akauliza, "Baba, tungemleta Mama kwa huyu daktari, angepona?"

"Hapana, mami. Ugonjwa wa Mama ulikuwa mwingine. Madaktari wake walijaribu."

"Walijaribu sana?"

"Sana."

Ndipo akalia, kilio ambacho hakukilia kaburini. Sikumnyamazisha. Daktari alifungua mlango, akatuona, akaurudisha polepole.

Tangu siku hiyo tunakutaja tukinywa chai. Hapo awali sikuweza, na mtoto alinyamaza kwa sababu nilinyamaza.

Pumzika, mpenzi wangu. Huku tunaendelea.

Wako daima,
Baba Nekesa