Diski Mpya ya Madam Kanini

Chuo cha Ukarani,
Ruiru.
14 Novemba 1996

Kwa dada yangu Waithira,

Pokea salamu nyingi, na natumaini barua hii itakukuta mzima huko Thika, wewe na watoto wako wa nasari. Sisi huku Mugutha tu wazima. Mgongo wa Mama umetulia, na Baba anakohoa kidogo tu asubuhi. Mimi bado nafundisha kompyuta, ikiwa kuwaandikia wasichana ubaoni kitu wanachokigusa mara moja kwa wiki ni kufundisha.

Najua umesikia kwamba Baba amewatumia wazee wa kina Ndegwa ujumbe wasije tena Jumamosi na ruracio, mahari yako. Najua pia umelia, maana Wamboi, anayekuletea barua hii, ameniambia. Basi nikueleze ilivyokuwa.

Huyo Ndegwa wako sijawahi kumpenda, na hilo huanzi kulisikia leo. Fundi gani anabeba bisibisi kwenye mfuko wa sukari? Naye Madam Kanini, mwenye chuo, ndiye aliyemwita. Alinunua kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani Nairobi, akaishangilia utadhani amenunua gari, na diski yake ikajaa kabla ya mwaka kuisha. Alipoleta diski kubwa zaidi nilimwambia naweza kuiweka mimi. Akasema kazi ya mwalimu ni chaki. Iliniuma sana.

Ijumaa iliyopita fundi akaja. Akafungua kompyuta, akapuliza vumbi kwa mdomo kama mtu anayewasha kuni mbichi, kisha akaunganisha diski mpya kando ya ile ya zamani ili anakili kwanza kazi za wanafunzi. Diski mpya ilikuwa ya megabaiti mia nane na hamsini, lakini kompyuta ikaona mia tano na kidogo tu. Ndegwa akakuna kichwa. Akasema mashine za zamani haziwezi kuhesabu kupita hapo mpaka zisaidiwe na programu fulani, nayo iko kwenye disketi aliyoiacha nyumbani Mwihoko. Ati fundi, na vifaa ameacha kwake! Nikacheka, na wasichana wakacheka kwa kuwa mwalimu amecheka. Yeye akasema tu tusiguse kitu mpaka arudi, akaenda zake.

Aliporudi saa nane, diski ya zamani ilikuwa imefutwa. Kazi za mtihani za wasichana thelathini na mmoja, walizochapa muhula mzima na zilizotakiwa Nairobi Jumatatu, hakuna hata moja iliyobaki. Wengine walilia mpaka wakashindwa kwenda nyumbani. Madam Kanini, akiamini ni Ndegwa tu aliyeigusa, alimwambia atoke na asikanyage tena chuoni, naye akatoka bila kujitetea. Jioni nikamsimulia Baba yote, na chumvi nikaongeza. Baba akasema, "Mtu asiyeweza kutunza kazi ya watoto wa watu hatanitunzia mtoto wangu." Mimi nikala chakula changu nikashiba.

Sasa, Waithira, kama umesimama, keti. Diski ile niliifuta mimi.

Ndegwa alipoondoka, wasichana walienda kula. Nikaona nimalize kazi mwenyewe, ili Madam akija ajue nani ni fundi na nani ni mpuliza vumbi. Nikatia disketi ya mfumo, nikachapa amri ileile ninayoiandika ubaoni mwaka wa tatu sasa: fomati C. Daftari langu linasema C, basi nikaandika C. Sikufikiri kwamba diski zikiwa mbili, C ni ile ya zamani, na mpya ni D. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikaona ni dharau, mwalimu mzima kuulizwa na bati. Nikakubali, kisha nikapakia mfumo juu yake, disketi baada ya disketi, hata kukawa hakuna cha kufufua.

Jana Ndegwa alikuja hadi getini kunirudishia kitabu chako. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile alikuta diski mpya haijaguswa na ya zamani ina mfumo mpya, na chumbani nilikuwa mimi peke yangu. Nikamwuliza mbona hakusema.

"Wewe ni ndugu yake Waithira, ni shemeji, muthoni wangu," akasema. "Muthoni haanikwi mbele ya watu."

Waithira, bado simpendi. Lakini tangu jana najidharau mimi kuliko nilivyowahi kumdharau yeye, na sijui pa kuuweka uso wangu.

Nimeapa kumwambia Baba leo jioni, halafu Madam kesho. Ila hata jana niliapa, kisha nikapiga stori za kahawa na Baba mpaka akaenda kulala. Kwa hiyo usiniamini. Njoo nyumbani kesho. Ukikuta sijasema, msomee Baba barua hii yote nikiwa nimeketi hapo hapo, kabla wazee hawajaamua kuvunja uchumba wenu kabisa.

Wasalimie walimu wenzako, na Mungu akulinde njiani. Nimetia sahihi na jina langu kamili, ili nikijaribu kukana, nishindwe.

Kaka yako,
Macharia Njuguna,
Mwalimu wa Kompyuta