Shuka Nilianika, Uzio Sikuharibu

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba ni wa neno moja tu, niseme ndiyo au niseme hapana, maana Jumatatu nasimama mbele ya hakimu na nyumbani kila mtu ana lake. Mimi ni bibi mwenye wajukuu tele, shule sikuikanyaga, herufi nilijifundisha kwenye lebo za nguo, na kazi yangu ni kufua shuka za wodi ya wazazi, na sijisifu, ila nikishaanika, jua lenyewe hufumba macho. Sasa siku hiyo kamba ilijaa, nikaanika nyingine kwenye uzio wa barabarani, akaja askari wa asubuhi akasema hili ni kosa dogo, nitalipa faini yaishe, nikamwambia sawa mwanangu, nimekosa, akaenda kuchukua stakabadhi, na kabla hajarudi akatokea mwenzake wa zamu ya mchana, akautazama uzio, ambao umeinama tangu lori liugonge na mtaa mzima unajua, akasema huku ni kuharibu mali ya umma, ni jinai, twende. Shuka zilezile, uzio uleule, kilichobadilika ni askari.

Mkwe wangu ananiambia, "Mama, kosa ni kosa, kiri tu urudi nyumbani mapema." Lakini msimamizi wa wodi alishasema mwenye hatia ya jinai hagusi nguo za watoto wachanga, na kazi hiyo ndiyo heshima yangu, hakuna mtoto mtaani hapa ambaye hakupokelewa kwenye shuka niliyoifua mimi. Nikisema hapana nitakuwa mwongo, kwa sababu kuanika nilianika, na mimi sisemi uongo, hata marehemu mume wangu sikuwahi kumwambia anajua kuimba. Nifanyeje?

Mama Povu

Shikamoo, Mama Povu. Nakugombeza kwa adabu zote: mbona unajibu swali ambalo hujaulizwa? Hakimu hatakuuliza kama ulianika shuka. Atakuuliza kama uliharibu uzio. Ukiyajibu yote mawili kwa ndiyo moja, hapo ndipo utakuwa umesema uongo, tena mbele ya mahakama.

Mkweo anakupenda, lakini "kosa ni kosa" ni maneno ya mtu mwenye haraka. Kuanika pasiporuhusiwa kuna jina lake na adhabu yake, kuharibu mali kuna jina lingine. Mpaka kati ya hayo mawili hukaa kwenye sheria, tena kabla wewe hujakamua nguo. Haukai kichwani mwa askari, wala hauhami zamu zikibadilika.

Hata hivyo, uzio si kamba yako. Usirudie.

Kesho nenda mahakamani, muulize karani wanakopatikana watoa msaada wa kisheria wasiotoza. Mtafute askari wa asubuhi, na jirani aliyeliona lori. Jumatatu usitamke lolote mpaka usomewe shtaka ukalielewa, na uombe kutajiwa kifungu. Kisha simama wima useme: "Shuka nilianika, faini yake nitalipa. Uzio sikuharibu, na shtaka hilo nalikana."

Ukimaliza, nyamaza. Na mkweo akianza kukuvuta nguo akunong'oneze ukiri, mwambie akusubiri nje.