Jiko la Kioo na Ugali wa Ulezi

Jumamosi, usiku

Eti muuzaji wa majiko anamweleza mume wangu badala yangu! Mtu ambaye hajawahi kushika mwiko tangu azaliwe.

Tulikwenda kuchagua jiko la gesi lenye oveni. Vyuma vya kuwekea sufuria vilikuwa vyembamba, nikauliza kama vitahimili kusonga ugali wa ulezi. Muuzaji akacheka. “Mama, hili ni jiko la kisasa.” Mume wangu, Baba Neema, naye akacheka, akalichukua kwa sababu lina mfuniko wa kioo.

Jioni nimesonga. Sufuria ikazunguka, jiko zima likacheza kama lina homa. Nikazima gesi, nikahamia kwenye mkaa, uani.

Baba Neema amekula, akalamba vidole. “Umeona? Jiko jipya linaivisha ugali vizuri.”

Na majivu ninayo hadi kwenye nyusi!