Daraja na Baraza Lisilo na Vyama

Mjukuu wangu Rehema,

Huku ughaibuni, hapa Lidcombe, tu wazima, ila maboksi ya ghalani yamenimaliza mgongo. Bibi yako anakusalimu.

Unasema Baraza la Kutunga Sheria la zamani, kabla ya vyama, lazima lilikuwa na umoja. Nani kakudanganya? Jirani yetu wa kule kijijini, Mzee Kibwana, alikuwamo. Gavana wa Kiingereza alimteua akakae na machifu, walowezi na wafanyabiashara wa Kihindi. Ujanani nilivuka naye mto, maji kifuani, magunia ya mpunga kichwani. Nikamuuliza liko wapi daraja la mto huo alilokwenda kutuombea barazani.

"Niliwaomba wajumbe wote. Kila mmoja akaniambia, jambo jema, mzee."

"Halafu?"

"Halafu chifu akapigia kura josho la ng'ombe wa kwake, na mlowezi reli ya mkonge wake. Daraja nililipigia peke yangu."

Nilikasirika, na hasira haijaisha. Jumapili, kwenye mkutano wa Watanzania hapa jirani, Auburn, walijisifu kwamba hawana makundi. Nikawauliza nani ataniunga mkono tupate gari la kuwapeleka wazee hospitali.

Wote wakaitikia, "Jambo jema, mzee."

Nikachukua koti langu nikaenda stesheni kupanda treni ya kurudi nyumbani.

Babu yako