Mkono wa Kasuku Unafika Wapi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeungua tena. Kifundo kile kile, pale pale. Mpini wa presi, mashine yetu ya kubandika picha kwenye fulana, ni mfupi – ukiunyanyua, mkono unapita karibu na bamba la moto, ukizubaa kidogo tu, tss. Fulana ilitoka safi. Mkono ndio uliotoka na picha.

Mama Fulana (bosi – jina tumempa sisi, naye analijua) kasema mashine haina macho, mwenye macho ni wewe. Nikamwambia macho yangu yalikuwa kwa mwanangu. Ndiyo kweli. Nilikuwa nabandika sungura kwenye vifulana vya watoto, na kila kimoja nakikadiria: kingemtosha? Sijui. Tangu nimwache kwa Mama, bibi yake, sijui tena saizi yake.

Basi nikajikaza nikauliza. Nikimleta, naweza kukaa naye hapa dukani mchana? Nyumbani sina wa kumwachia. Hakukataa. Aliitazama presi, akautazama mkono wangu. Wewe mtu mzima inakutafuna, akasema, sembuse mtoto. Mpini wenyewe uko mbele unamwita. Siku asipoweza kuufikia, mlete.

Asipoweza kuufikia. Naliandika neno hilo lisije likanitoka.

Jumatano, 5 Juni

Nimempigia Mama kumuulizia mwanangu. Kasuku akinyoosha mkono anafika wapi siku hizi? Mama kasema anafika kwenye komeo la mlango wa jikoni, anajifungulia mwenyewe, kuku wote ndani. Nikacheka. Nilipoondoka alikuwa anashika goti langu.

Nilimsikia anauliza, nani huyo, Bibi? Mama yako. Akasema, aa, Mama Simu.

Nikajifanya mtandao unakatika.

Komeo lile silikumbuki liko juu kiasi gani. Mama kasema usihangaike mwanangu, nitampima kwa uzi, nitampa jirani anayekuja huko.

Jumamosi, 8 Juni

Uzi umefika. Wa kufumia, mwekundu. Fundo moja la kwenye nyayo, fundo jingine la kwenye ncha ya vidole. Jirani anasema alisimamishwa ukutani kama askari, Bibi anamkaripia, kisigino chini, usitikisike.

Nimeubandika kwenye ukuta wa chumba changu. Nikapiga magoti mbele yake. Yote haya ni wewe?

Unanuka moshi wa jiko la Mama.

Jumanne, 11 Juni

Fundi Cheche, yule mchomeleaji wa mlango wa pili, kaja na futi yake. Nikampa uzi. Akauliza, huyu ndiye mteja? Nikasema ndiye. Kautundika kwenye msumari kando ya presi, fundo la chini likigusa sakafu. Mpini ukishushwa unaangukia chini kabisa ya fundo la juu – usawa wa paji la uso wake.

Nikasema tuinue meza. Cheche kakataa: utabonyeza kwa ncha za vidole vya miguu, siku moja utaangukia kifua juu ya moto. Mpini ndio ubadilike. Urefushwe, upindwe kwenda juu, hata ukishushwa ubaki juu ya fundo. Na mwisho wake uvishwe mpira wa usukani wa baiskeli, usipitishe joto. Mkono wangu nao utakaa mbali na bamba.

Mama Fulana kaguna. Yaani mashine yangu inashonwa kwa kipimo cha mtoto, kama gauni. Lakini hakusema hapana.

Ijumaa, 14 Juni

Mpini umekubali. Umepinda kama shingo ya korongo. Kutwa nzima nimebonyeza, sijaungua hata unywele. Na kushusha ni kwepesi – ule mfupi ulikuwa unanimaliza bega. Ukishuka mpaka mwisho unaishia vidole viwili juu ya fundo.

Mama Fulana kaujaribu mwenyewe, akauliza, wanakuja lini?

Kesho. Mama na Kasuku, basi la asubuhi. Nimefua shuka. Nimesogeza kitanda ukutani asidondoke. Nimemwekea kifulana cha sungura – safari hii sikukadiria, nimekipima kwa uzi.

Jumamosi, 15 Juni

Naandikia dukani. Presi imezimwa.

Hakunikimbilia. Alijificha nyuma ya gauni la Mama, jicho moja nje. Nikachuchumaa. Ni mimi, Mama Simu. Akaja polepole, akanishika shavu, akauliza simu iko wapi. Cheche alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilifuta macho kwa fulana ya mteja.

Mama Fulana kataka tumjaribu kwanza, mashine ikiwa baridi. Nikaushusha mpini, nikamsimamisha Kasuku chini yake. Nyoosha mkono, mwanangu. Hakufika. Nilishukuru moyoni. Nikazunguka upande wa pili wa meza kukunja fulana.

Akaniona naenda. Akanyoosha mikono yote miwili, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, nibebe, nibebe – na vidole vinne vikashika mpira.

Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: nilimwambia asimame wima. Sikumwambia ajivute.

Uzi ulimpima siku ambayo hakuwa na kitu anachokitaka.

Mama Fulana kasema anasikitika, lakini neno lake ni lile lile. Na Mama anarudi kesho alfajiri, kuku kawaacha kwa watu; mpini usipopanda leo, Kasuku anarudi naye. Cheche keshaufungua mpini. Nikamwambia ngoja, tumpime upya. Nikasimama mbali, nikamwita Kasuku kwa jina lake lile nililomwimbia akiwa tumboni. Akajivuta hasa. Mama akafunga fundo jipya. Limepita la kwanza kwa shubiri nzima.

Cheche anasema bomba refu analo. Tatizo ni mimi – mpini ukipanda hivyo, wa kujivuta nitakuwa mimi. Nikamwambia nitajivuta. Akasema si kwa kusema, hapa tunachezea moto.

Kasuku kalala juu ya furushi la fulana, uzi kauzungushia mkononi. Mama anamtazama, kisha ananitazama. Mkoba wa nguo za mtoto bado haujafunguliwa.

Cheche karudi na bomba. Kalishikilia juu ya mashine, ananiita. Nivue viatu, nisimame wima, nyayo chini, ninyooshe mkono – aone nafika wapi.