Nani Anasoma Usingizi Yangu?

Siku ya kwanza ya wiki, 1 Septemba
Infirmier Mechack, muuguzi wa dispensaire ya kampuni, ameniwekea programu ya usingizi mu telefone. Eti si dawa. Ni mafunzo ya wiki sita. Kila asubuhi unaandika ulilala masaa ngapi, yenyewe inakupangia namna ya kulala. Nikamuuliza, na kampuni inapata nini? Akacheka. "Mama Agnès, dereva asiyelala anaua bantu."
Ni kweli, mi naendesha kamyo ya tani mia, kutoka mu shimo ya mgodi mpaka kwenye mashine ya kusaga mawe. Lakini sijalala vizuri tangu Aprili, tangu ajali ya Barnabé, dereva mwenzangu. Hakuna aliyeniuliza. Kwa nini sasa?

Siku ya pili, 2 Septemba
Nimeandika: masaa saba. Uongo mtupu! Yalikuwa mawili na nusu. Sipendi banione mgonjwa, baninyang'anye kamyo.

Siku ya ine, 4 Septemba
Programu imenipongeza. Usingizi yangu iko sawa, sina haja ya mafunzo. Kwaheri! Nimebaki naangalia telefone kama mjinga.
Nimeanza upya, na masaa ya kweli. Jina lakini nimeweka Adèle. "Karibu, Adèle." Muzuri. Halafu nikakumbuka — namba ya telefone ni yangu.

Siku ya posho (Jumamosi), 6 Septemba
Sheria kali. Kitandani kuanzia 24h mpaka 5h, basi, hata macho yakifunga mapema. Mchana kulala hapana. Kitanda ni ya kulala tu, si ya kuhesabu mabati. Usingizi ikikataa, toka chumbani, kaa mpaka ije. Nani anatibu muntu kwa kumnyima kile anachokosa?
Mume wangu Tshimanga naye ana mashaka, ila yake ni mengine. Alinikuta usiku nimekaa mu salon ya nyumba na telefone. Ni mwanaume gani anakuandikia? Nikampa asome. Alivaa miwani, akasoma yote. "Huyu anajua mpaka saa unaenda kukojoa!" Sasa tuko bawili wenye mashaka.

Siku ya kwanza ya wiki, 15 Septemba
Masaa manne, bila kukatika! Nimekasirika. Nilitaka programu ishindwe, nimrudishie Mechack.
Sasa inauliza kitu kingine: andika wazo lenye kukurudia kitandani. Aa, hiyo hapana. Nimefunga telefone.

Siku ya tano, 19 Septemba
Swali lile lile, siku tano. Haichoki.
Leo, mu kantine, nimeandika. Kwamba asubuhi ile, tukiwa mbele ya kamyo zetu, Barnabé alimwambia chef Ntambwe, mkubwa wetu: "Chef, mutoto wangu iko hospitali, sijalala siku mbili." Ntambwe akajibu neno moja: "Panda." Kwamba mi nilikuwa karibu, nilisikia, nikapanda kamyo yangu bila kusema kitu. Kabla ya chakula cha mchana, kamyo ya Barnabé ilishuka ukingoni mwa shimo. Leo Barnabé iko Kasaji kwa mama yake. Miguu haisimami.
Nikabonyeza, ikaenda. Ndipo woga ikaja! Kama kampuni inasoma?

Siku ya posho, 20 Septemba
Masaa matano kamili. Niliamka nikalia.

Siku ya kwanza ya wiki, 22 Septemba
Ntambwe ananiita ofisini! Nimefuta programu — lakini maneno yamekwisha kwenda. Nimekimbia kwa Mechack. Nani anasoma? Ameapa kwa Mungu: yeye anaona masaa tu, maneno haoni. Sijamwamini.

Bado leo. Niko mu choo ya ofisi, daftari juu ya goti.
Ntambwe amenipa kiti. "Unalala muzuri siku hizi, Mama Agnès?" Amesoma! Kumbe ni salamu tu. Hajui kitu! Amesukuma karatasi mbele yangu. Bakubwa ba Lubumbashi banakuja kesho kufunga dosye, ile faili ya ajali. Karatasi inasema hakuna dereva aliyesikia Barnabé akisema amechoka. Ikifungwa hivyo, kosa ni ya Barnabé, na kampuni inaacha kumlipia matibabu. Madereva bengine kumi na mmoja bamekwisha kuweka sahihi. Imebaki jina langu.
Nimesema tumbo inauma. Nimetoka na karatasi yenyewe.
Ntambwe amegonga mlango wa choo. "Mama Agnès, unakosa kalamu?"
"Kalamu niko nayo, Chef."
Nimegeuza karatasi. Nyuma ni nyeupe. Nimeanza: Mi, Agnès Mbuyu, nilikuwa pale, nilisikia. Neno la Barnabé nimeandika yote. Sasa lile neno moja la Ntambwe —
Anagonga tena.