Joto la Juu, Baridi ya Chini

Nakwa, Babati
18 Machi 1985

Kaka Anselmi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba huko Leningradi theluji imeanza kupungua. Sisi tunaendelea vizuri, ila sukari hakuna, na sabuni tunasikia tu kwamba imeonekana Singe.

Barua yako ya Januari ilifika mwezi uliopita, nikawasomea wote baada ya chakula. Ulieleza kwamba katikati ya majira ya baridi, angani juu kabisa kwenye ncha ya dunia, hewa ilipata joto ghafla, kisha baridi kali ikawashukia ninyi huko chini. Baba aliniambia nirudie. Aliuliza ni joto gani hilo linaloleta baridi. Nikamjibu kwamba hata walimu wenu bado wanabishana mambo hayo yatakuwaje dunia ikizidi kupata joto kwa moshi wa viwanda, na ndiyo maana unaongeza miaka miwili ya masomo. Baba akasema yeye mvua zikimdanganya haongezewi miaka.

Mimi sikucheka. Kaka, mwaka mzima ulituandikia nusu ukurasa. Safari hii kurasa zimejaa mapenzi, hata ng'ombe umewasalimu, na mchumba wako Otilia umemletea kitambaa. Mama alikipapasa, akasema mwanawe mwenyewe amemfundisha kuogopa joto la ghafla.

Halafu ile picha. Umesimama kwenye theluji unacheka, lakini upande mmoja umekatwa kwa mkasi, na begani kwako vimebaki vidole vyembamba vyenye pete. Baba alisema labda ni mwanafunzi mwenzako. Mama akaigeuza kifudifudi mezani.

Otilia alipokuja, aliomba kuiona. Ningeweza kumdanganya, lakini nilimpa. Aliitazama, akairudisha, na kitambaa akakiacha mezani.

Sasa nikuambie ukweli. Jana padri alisoma tangazo la kwanza la ndoa ya Otilia na Konstantini wa Mutuka, aliyekuwa akimwomba tangu zamani. Aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Baba alinitazama, nami nikainamisha kichwa. Arusi ni mara baada ya Pasaka, na barua hii itakufikia yote yamekwisha. Posta telegramu zipo, kaka. Nimechagua barua.

Kama vile vidole ni vya rafiki tu, nakuomba usiniambie.

Mama anakusalimu na anakuombea. Baba naye anakusalimu. Kitambaa kipo, hatujakishona.

Ni mimi mdogo wako,
Philomena